Hela ya kujenga ipo, ya kukarabati iko wapi?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na naona kila mtu analizunguka tu. Kila paa la shule likishuka au ukuta ukilala mambo yanakuwa yale yale, viongozi wanafika na vizibao vya kung'aa, tume inaundwa, halafu baada ya miezi unatoka muongozo mpya wa ujenzi wa shule, kurasa kibao, picha nzuri za madarasa yenye madirisha makubwa na watoto wanaotabasamu. Muongozo siupingi jamani. Ninachouliza mimi ni kitu kimoja tu, fungu la kukarabati yale majengo yaliyosimama tayari liko wapi na nani mwenye ruhusa ya kulichota?

Maana hela ya kujenga huwa inapatikana, hata kwa kuchelewa inapatikana. Jengo jipya lina jiwe la msingi, lina utepe, lina kibao chenye jina la mheshimiwa. Sasa niambie nani alishawahi kukata utepe wa gata lililozibuliwa. Hakuna. Fundi akipanda juu akabadilisha misumari hamsini ya bati akashuka, hakuna kamera inayomsubiri chini na wala hakuna mtu atakayekumbuka siku hiyo, na ndo maana kwenye bajeti matengenezo yanakuwa kile kifungu kinachokatwa cha kwanza hela zikipungua.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya shule kwa hiyo hili la darasa kufa nimeliona likitokea polepole, na huwa halifi kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Linaanza na kofia ya bati pale juu kwenye mgongo wa paa imenyanyuliwa na upepo kidogo, au msumari mmoja raba yake imekauka kwa jua ikapasuka. Tundu lenyewe kidole hakipiti. Mvua ya kwanza maji yanatua kwenye siling bodi, linatokea doa la rangi ya chai, mwalimu analiona anahamisha dawati, basi. Msimu unaofuata bodi imevimba imeshusha tumbo, na huko juu ambako hakuna anayechungulia mbao ya kenchi imeshaanza kulainika pale pale inapokalia ukuta, na mbao yenye unyevu ndo karamu ya mchwa na kuvu. Maji yale yale yanashuka ndani ya ukuta mpaka kwenye lenta, nondo inapata kutu, na chuma kikila kutu kinavimba, kinataka nafasi kubwa kuliko kiliyopewa mwanzo, kwa hiyo kinalisukuma zege kutokea ndani mpaka plasta inadondoka vipande vipande. Mtu anakuja anaona nyufa anasema fundi aliiba simenti. Inawezekana aliiba, lakini mara nyingi mwizi mwenyewe ni maji na aliingia kwa tundu la msumari.

Sasa piga hesabu ya kawaida tu. Ule msimu wa kwanza kilichotakiwa ni ngazi, misumari, mtu anayejua kazi, na nusu siku. Miaka sita baadaye unatakiwa paa zima, lenta, nyaya za umeme zilizolowa, dari, na swali gumu kuliko yote, watoto utawaweka wapi wakati kazi inaendelea. Methali ya ufa na ukuta tumeiimba tangu darasa la pili kwa hiyo siirudii hapa, wote tunaijua, na wanaopanga bajeti wanaijua vizuri kutuzidi.

Halafu watu wanamlaumu mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu afanye nini? Hela inayomfikia ni ya uendeshaji, ya chaki na mitihani na mlinzi na bili ya maji, akiichukua akanunulia bati mkaguzi anakuja na kalamu nyekundu anamuuliza kifungu gani kimekuruhusu. Kwa hiyo anaandika barua. Barua inapanda ofisi ya kwanza, inapigwa muhuri, inapanda ya pili, siku moja anakuja mhandisi kuangalia na anaandika maneno ambayo kila aliyekaa kwenye kamati ya shule ameshayasoma, "jengo linahitaji ukarabati mkubwa". Ukarabati mkubwa maana yake isubiriwe bajeti ya maendeleo, na bajeti ya maendeleo inapenda kitu kipya. Kwa hiyo ukarabati mdogo haukuruhusiwa kwa sababu hauna kifungu, mkubwa haukufanyika kwa sababu hauna hela, na mwisho wake shule inajengewa darasa jipya hatua chache kutoka kwenye lile bovu, na lile bovu linageuzwa stoo. Darasa jipya nalo msumari wake umeshaanza kukauka raba.

Kuna watu watasema hii ni shida ya nchi maskini. Hapana, na ndo sababu hasa iliyonifanya nishike kalamu. Angalia Uingereza. Kwa miongozo ya majengo ya shule wale watu huwawezi, wana mfululizo mzima wa vijitabu vya serikali, kuna cha hewa ya darasani, kuna cha sauti na mwangwi ili mtoto wa nyuma amsikie mwalimu, kuna cha moto, kuna kinachosema darasa la kawaida la watoto 30 liwe na eneo la mita za mraba kama 55. Wana mpaka muongozo wa jinsi ya kusimamia majengo na mali ya shule, uliotoka 2018. Kila kitu kimeandikwa. Na bado tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, serikali yao ikatangaza kwamba shule zaidi ya 100 zifunge vyumba au majengo mazima kwa sababu paa linaweza kushuka bila kutoa dalili. Wazazi wameshanunua sare, walimu wameshapanga ratiba, ndo wanaambiwa.

Kisa kilikuwa ni zege jepesi linaloitwa RAAC, lililojaa mapovu ya hewa ndani, lilitumika sana kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1990, hasa kwenye mapaa ya bapa, kwa sababu lilikuwa rahisi na linabebeka. Mapaa ya bapa nayo hayamwagi maji haraka, maji yakituama na ule utando wa juu ukichoka yanapenya, nondo za ndani zinakula kutu, na kwa sababu zege lenyewe ni laini linaweza kuachia ghafla. Wataalamu walishasema vipande hivyo umri wake ni kama miaka 30 hivi, kwa hiyo kila mtu aliyejua kutoa na kujumlisha alijua tarehe inakuja. Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi huko Kent lilianguka wikendi, watoto hawakuwepo, hakuna aliyeumia. Mungu akupe onyo gani zaidi ya hilo? Tahadhari zikatolewa, barua zikaandikwa, fomu za maswali zikatumwa mashuleni mwaka 2022, zijazwe na watu ambao wengi wao si wahandisi, waseme kama wana hilo zege au hawana. Mwisho wa siku zikakutwa shule zaidi ya 230 zenye nalo.

Kwenye hela ndo utacheka. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya huko ilitoa ripoti Juni 2023, miezi miwili tu kabla ya ule mtafaruku, ikasema watoto kama 700,000 wanasoma kwenye shule zinazohitaji kujengwa upya au kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa. Ripoti ikaeleza kwamba idara ya elimu yenyewe ilishaiambia hazina kwamba zinahitajika pauni bilioni 5.3 kwa mwaka ili majengo yatunzwe na hatari kubwa zipungue, hazina ikatoa wastani wa bilioni 3.1. Yaani mwenye nyumba amepewa bili na fundi, ameisoma, amelipa nusu na ushee, kisha anashangaa nyumba inavuja. Jonathan Slater, aliyekuwa katibu mkuu wa idara hiyo mpaka 2020, alisema redioni BBC kwamba hesabu zao zilionyesha shule 300 mpaka 400 zinatakiwa kujengwa upya kila mwaka, wao wakaona waombe 200, na Rishi Sunak akiwa waziri wa fedha mwaka 2021 ikaruhusiwa 50. Sunak alikataa lawama hizo, akasema idadi hiyo inalingana na ya miaka ya nyuma. Sawa, lakini hilo ndo jibu lenyewe si ndio? Miaka ya nyuma nayo ilikuwa haitoshi.

Na kabla ya hapo walishajaribu njia ya pili, ile ya kujenga kila kitu upya kwa mbwembwe. Chini ya waziri mkuu wa wakati huo Tony Blair ulikuja mpango wa kujenga au kukarabati shule zote za sekondari za England, kama 3,500, mpaka ifike 2020. Ulikuwa mzito, makaratasi mengi, washauri wengi, na Julai 2010 serikali mpya ikaja, waziri wake wa elimu Michael Gove akaufuta, shule zaidi ya 700 zikasimamishiwa miradi yao kwa mkupuo, na orodha yenyewe ilitoka na makosa mpaka waziri akaomba radhi bungeni. Shule nyingi zilizokuwa kwenye foleni hazikuwa zinafanya matengenezo makubwa, ya nini wakati jengo linavunjwa karibuni? Foleni ikafutwa, likabaki jengo bovu ambalo halikuguswa. Ahadi ya jengo jipya nayo inaua jengo la zamani, hilo watu hawalisemi.

Lipo jingine la huko ambalo mtu yeyote aliyewahi kuomba hela za miradi atalitambua. Vyombo vikubwa vinavyosimamia shule nyingi vinapewa fungu la matengenezo kwa kanuni ya hesabu, unajua mwakani utapata kiasi gani unapanga. Shule ndogo zilizo peke yake zinaomba kwa kushindana, kila mwaka, zinaandika andiko, zinapewa alama. Matokeo yake shule nyingi zinatafuta washauri wa kulipwa wawaandikie, na anayepata si lazima awe mwenye paa bovu zaidi, anaweza kuwa mwenye andiko zuri zaidi. Mimi nimeona andiko la shule lenye michoro ya rangi tatu limepita na la mwalimu aliyeandika kwa mkono "jamani dari litatuua" limerudishwa kwa sababu halina kiambatisho. Paa halijui kuandika andiko. Hela ya usalama wa watoto ikishaanza kugawiwa kwa mashindano ya insha tumeshapotea njia.

Nikisema haya yote sitaki mtu adhani jengo jipya ni salama kwa kuwa ni jipya. Edinburgh huko Scotland, Januari 2016, kimbunga kilipita usiku, asubuhi ukuta wa matofali wa shule ya msingi ya Oxgangs ukakutwa umelala chini, tani kama tisa za matofali, sehemu ambayo saa chache baadaye ingekuwa na watoto. Shule yenyewe ilijengwa miaka ya 2000, haikuwa gofu la wakoloni. Uchunguzi ukakuta vile vyuma vidogo vinavyofunga ukuta wa nje na wa ndani havikuingia vya kutosha kwenye udongo wa kujengea, na Aprili shule 17 za jiji hilo zikafungwa kwa pamoja zikaguliwe. Profesa John Cole aliyeongoza uchunguzi aliandika ripoti ndefu 2017 lakini ukiisoma inarudi pale pale, wakati ukuta unapanda hapakuwa na mtu wa kutosha upande wa serikali anayesimama saiti kuangalia. Kila mmoja alidhani mwenzake ndo anaangalia. Vile vyuma ukishaziba ukuta huvioni tena, siku ya makabidhiano wageni wanaona rangi.

Muongozo wenye meno upo duniani na si wa jana. Tarehe 10 Machi 1933 tetemeko lilipiga Long Beach, California, shule 70 zikabomoka kabisa na nyingine nyingi zikaharibika, na kilichookoa watoto ni saa tu, ilikuwa jioni kama saa kumi na mbili kasoro, madarasa matupu. Mwezi mmoja baadaye, mwezi mmoja Mhariri, ikapitishwa sheria inayoitwa Field Act. Haikusema shule zijengwe vizuri halafu ikakaa. Ilisema ramani za shule ya umma zipitiwe na serikali ya jimbo, mkaguzi awepo saiti kipindi chote cha ujenzi, na wahusika wasaini kwa kiapo kwamba walichojenga ndo kilichochorwa. Sheria hiyo inafanya kazi mpaka leo na inasifiwa sana, kwa haki. Ila angalia ilipopwaya. Ilihusu majengo mapya. Yale ya kabla ya 1933 yaliendelea kutumika kwa miongo, mengine mpaka miaka ya 1970, kwa sababu kuyaimarisha kulitaka hela na hela haikuambatana na sheria. Hata muongozo wenye meno, kwenye jengo la zamani ukawa na mapengo.

Na muongozo usio na meno tunaujua, wa karibu kabisa. Kenya baada ya moto wa shule ya Kyanguli mwaka 2001, wanafunzi wasiopungua 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo, serikali ilikuja kutoa kitabu cha viwango vya usalama wa shule mwaka 2008. Kitabu kizuri tu, kinasema milango ya bweni ifunguke kwenda nje, madirisha yasiwekwe nondo, vitanda viachiane nafasi. Haya hayahitaji roketi, yanahitaji fundi wa kuchomelea, mlango mpya, na hela ya kumlipa. Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha likaungua watoto 21 wakafa. Kila mara kikitokea kitu kama hicho maswali yanarudi kwenye kile kile kitabu, nani alikagua, nani alilipia marekebisho. Kung'oa nondo kwenye dirisha la bweni ni ukarabati, na ukarabati hauna kifungu.

Aliyenifurahisha mimi ni Mjapani. Mwaka 2002 wenyewe walihesabu wakakuta majengo ya shule za msingi na sekondari za chini za umma yanayokidhi viwango vya tetemeko hayafiki nusu. Wakaanza kuimarisha, mwendo wa kawaida. Mei 2008 likapiga tetemeko la Sichuan huko China, shule zikaporomoka, serikali ya jimbo ikataja wanafunzi 5,335 waliokufa au kupotea. Japani hawakungoja lao. Mwezi uliofuata walibadilisha sheria, na mabadiliko yenyewe ndo yale yale ninayoyalilia hapa. Kwanza mchango wa serikali kuu kuimarisha majengo yaliyo hatarini zaidi ukapandishwa kutoka nusu ya gharama mpaka theluthi mbili, ili manispaa isiyo na hela isipate kisingizio. Halafu kila manispaa ikalazimishwa kupima majengo yake na kutangaza matokeo hadharani. Hiyo ya kutangaza ndo dawa. Mzazi akijua darasa la mwanae limepewa alama ya hatari hamwachi mtu alale, na meya anajua uchaguzi uko njiani. Kufikia 2015 walikuwa wamevuka asilimia 95, na sasa hivi ni kama wamemaliza. Hawakuvunja zile shule wakajenga mpya, wengi walipachika vyuma vya mshazari nje ya madirisha, havipendezi sana kwa macho lakini jengo linasimama, watoto wanaendelea kusoma, kazi kubwa inafanyika likizo.

Kuna namba moja ambayo natamani ingebandikwa ukutani kwenye kila ofisi inayopanga bajeti ya shule. Mwaka 1990 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu majengo ya umma ikasema kuyatunza tu, kuyatunza sio kuyapanua, kunataka asilimia 2 mpaka 4 ya gharama ya kuyajenga upya, kila mwaka. Chukua hiyo 4, zidisha kwa miaka 25, umepata 100. Maana yake ukijenga darasa leo umejifunga kulilipia tena zima ndani ya miaka 25 na bado utakuwa nalo ni moja. Hii ndo hesabu ambayo siku ya jiwe la msingi hakuna anayeisoma kwenye kipaza sauti. Kuipa shule jengo bila hiyo asilimia ni sawa na kumnunulia mtu pikipiki ukamkataza kununua oili.

Sasa natakaje. Nataka kila hela ya kujenga inapoidhinishwa, hapo hapo kwenye karatasi ile ile iandikwe hela ya kulitunza jengo hilo kwa mwaka ni kiasi gani na inatoka fungu gani, na kama fungu halipo mradi usipite. Watu watapiga kelele kwamba tutajenga madarasa machache. Ndiyo, tutajenga machache. Machache yanayosimama. Nataka hela ya matengenezo igawiwe kwa hali ya jengo na idadi ya watoto, isigawiwe kwa andiko. Nataka mwalimu mkuu apewe kiwango ambacho anaweza kukitumia leo leo bila kuomba, kidogo tu, cha kubadilisha bati mbili na bawaba na kitasa cha choo, risiti zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale getini. Na shule zilizo karibu karibu zipewe fundi mmoja wa kudumu mwenye ngazi yake, anayezunguka kabla ya mvua kuzibua magata na kugongagonga misumari, maana hii kazi ikiachiwa tenda kila mara tenda yenyewe inachukua muda mrefu kuliko mvua.

Na orodha. Serikali itoe orodha ya kila jengo la shule, darasa kwa darasa, limekaguliwa lini, na nani, limepewa alama gani. Isiwe ripoti ya jumla ya kusema "asilimia kadhaa ya miundombinu iko katika hali ya wastani", hiyo wastani ndo wanakojificha. Mimi sijasoma kwenye wastani na mwanao hasomi kwenye wastani, anasoma kwenye chumba kimoja chenye paa moja.

Najua mtu wa hazina akisoma barua hii atasema hela ya matengenezo inaliwa kirahisi, kwa sababu darasa jipya utalihesabu lakini gata lililozibuliwa utalijuaje. Hoja ina ukweli na siidharau, nimeona rangi ikilipiwa makopo mengi kuliko kuta. Lakini hata za ujenzi zinaliwa, tena kwa mafungu, na hatukuacha kujenga. Paa lina jibu rahisi kuliko hesabu yoyote, ngoja mvua inyeshe uingie darasani uangalie juu. Wazazi wanaweza kukagua hiyo bila digrii, wakijua tu hela ilikuja kiasi gani na ilitajwa kufanya nini.

Nimalizie na ombi kwako wewe Mhariri na waandishi wako. Mkialikwa tena kwenye uzinduzi wa darasa jipya nendeni, pigeni picha ya utepe, kuleni soda. Ila kabla hamjapanda gari kurudi muulizeni mgeni rasmi swali moja, hela ya kulitunza hili jengo mwakani iko kifungu namba ngapi, na jibu lake mliandike chini ya ile picha. Akisema atafuatilia, andikeni kwamba amesema atafuatilia, na tarehe.

Msomaji wenu,
mjumbe wa zamani wa kamati ya shule